Rennes-le-Château hakuna dhahabu, na padre hakufukua hazina

Swali huanza kabla gari halijamaliza kona za kupanda kutoka mji mdogo wa Couiza hadi Rennes-le-Château: "Sasa, ile dhahabu ya padre aliipata wapi hasa?" Naongoza wageni kusini mwa Ufaransa, wengi wao Waswahili wenzangu wanaoishi Ulaya au waliokuja kutembea, na swali hili nimelijibu hadi limenichosha. Jibu ni kwamba hapakuwa na dhahabu. Ila jibu fupi halimridhishi mtu aliyelipa nauli ya ndege, basi naandika refu, na atakayeniuliza tena nitamtumia hili.

Kijiji chenyewe kiko juu ya kilima katika mkoa wa Aude, karibu kilomita 40 kusini mwa Carcassonne, na wakazi wake hata mia ni taabu kufika. Upepo hauishi. Ukisimama ukingoni unaona bonde la mto Aude upande mmoja na Milima ya Pirenei kwa mbali.

"Padre Saunière alifukua hazina"

Hadithi mnaijua. Bérenger Saunière, mtoto wa Montazels hapo bondeni, anapangiwa parokia hii mwaka 1885. Kanisa linavuja, mfuko mtupu. Anavunja altare ya zamani, anakuta ngozi zenye maandishi ya siri, na ghafla ni tajiri: kanisa linang'aa, jumba la Villa Béthania linasimama, na pembeni mnara wa Tour Magdala wenye maktaba yake. Kama si hazina, pesa zilitoka wapi?

Zililetwa na tarishi. Mkatoliki yeyote anajua kwamba anayetaka misa kwa ajili ya marehemu wake hutoa sadaka, na kanuni ya Kanisa haina utata: sadaka moja, misa moja. Saunière alijitangaza katika magazeti ya dini na kuwaandikia watawa na waumini kila pembe ya Ufaransa na hata nje, na sadaka zikamiminika, kwa kawaida franki moja au moja na nusu kwa misa. Sasa fanyeni hesabu wenyewe. Padre kwa kawaida huadhimisha misa moja kwa siku. Hata tukimpa tatu kila siku, mwaka mzima hazifiki 1,100. Daftari zake zimebaki, zimeandikwa kwa mkono wake: jina la mtumaji, idadi ya misa, kiasi cha fedha, mstari baada ya mstari. Misa alizoombwa ni nyingi kupita uwezo wa padre mmoja. Misa nyingi zililipiwa na hazikuadhimishwa. Huo ndio "utajiri wa siri", na kwa maoni yangu unasisimua kuliko sanduku lolote la dhahabu, maana huyu bwana aliendesha biashara ya posta kutoka kileleni, kwenye kijiji ambacho hata maji yalikuwa ya shida.

Juu ya hapo weka michango ya wapenda ufalme. Mwaka huohuo wa 1885 alitumia mimbari kuwapiga vita wanajamhuri wakati wa uchaguzi, serikali ikamkatia mshahara kwa miezi kadhaa, na jambo hilo likampandisha chati kwa matajiri waliotamani mfalme arudi. Mjane wa Comte de Chambord, yule mwanamfalme aliyekuwa akidai kiti cha enzi cha Ufaransa, alikuwa miongoni mwa waliomchangia.

Askofu mpya wa Carcassonne, Beauséjour, hakuvumilia. Mwaka 1909 alimhamishia Coustouge. Saunière akagoma, akajiuzulu uparoko. Mahakama ya Kanisa ikamwita. Alijieleza kwamba ametumia franki 193,150, lakini stakabadhi hazikutosha, na mwaka 1911 akazuiwa kutoa huduma za kipadre. Misa zilipokauka, pesa nazo zikakauka. Alikopa benki, akafa Januari 1917. Nawauliza wateja wangu: mwenye dhahabu chini ya kitanda anakwenda kukopa benki kufanya nini?

Hazina yenyewe imezaliwa baadaye. Mali ilikuwa imeandikwa jina la Marie Dénarnaud, mtumishi wake wa nyumbani. Mwaka 1946 alimwachia mfanyabiashara Noël Corbu, naye mwaka 1955 akafungua hoteli pale pale. Hoteli kileleni, barabara mbovu, nani atapanda? Januari 1956 gazeti la La Dépêche du Midi likachapa simulizi za Corbu kuhusu padre bilionea, na wageni wakaanza kuja. Kisha akaingia Pierre Plantard na chama chake cha Prieuré de Sion, alichodai ni cha siri na cha kale ingawa kilisajiliwa mwaka huohuo wa 1956, na rafiki yake Philippe de Chérisey, ambaye alikiri mwenyewe kwamba zile "ngozi za kale" alizitunga yeye. Vitabu vikafuata, BBC ikafuata, na riwaya ya Kimarekani ya 2003, The Da Vinci Code, ikaazima jina la Saunière.

Hasara imebaki kwa wenyeji. Watu walichimba makaburi, sakafu, hata kulipua baruti, mpaka halmashauri ikapiga marufuku uchimbaji mwaka 1965. Kibao kiko mlangoni mwa kijiji. Mwaka 2004 mabaki ya Saunière yalihamishwa kutoka makaburini kwa sababu ya usumbufu huo. Na bado kuna mteja aliyekuja na mashine ya kutafutia madini kwenye begi! Ilibaki kwenye buti ya gari hadi jioni.

Mengine, harakaharaka

Sanamu ya shetani aliyebeba chombo cha maji ya baraka mlangoni mwa kanisa si ishara ya uchawi. Sanamu za ukarabati wa Saunière zilitoka karakana ya Giscard, Toulouse, iliyouzia makanisa mengi. Juu yake wako malaika wanne wakifanya ishara ya msalaba, ambao hakuna anayewapiga picha. Maneno ya Kilatini juu ya mlango kwamba mahali hapa panatisha ni ya Yakobo, Mwanzo 28, na husomwa kwenye misa ya kutabaruku kanisa.

Wakathari, kundi la dini la Zama za Kati lililopingwa na Kanisa, kuficha hapa Kikombe Kitakatifu, kile cha Karamu ya Mwisho? Walikataa msalaba, masalia ya watakatifu na sakramenti. Kikombe wangekifanyia nini?

Mji wa Wavisigothi, kabila la kale la Kijerumani, wenye watu 30,000? Zunguka kilima kwa miguu, nusu saa inatosha, kisha niambie wangelala wapi na wangekunywa nini.

Mlima Bugarach, jirani yetu wa mita 1,230, haukuwa kimbilio la kiama kilichotabiriwa Desemba 2012. Polisi waliufunga ili watu wasijiumize. Miamba yake ya juu ni ya zamani kuliko ya chini kwa sababu tabaka zilisukumwa wakati Pirenei inainuka. Hilo ndilo la ajabu, na hakuna anayeniuliza.

La mwisho, tafadhali: hii si Rennes ya Bretagne. Hiyo iko upande wa pili wa nchi. Ukikata tiketi, shuka Carcassonne, panda treni ya Limoux, kisha basi hadi Couiza. Kutoka hapo ni kama kilomita nne za mlima, na mimi hushauri mtu apande kwa miguu, abebe maji.