Kopo Lililovimba Haliponi kwa Moto

Bwana afya akipita madukani Malindi akabeba katoni za jodari wa kopo, mtaani husemwa ni uonevu: samaki yule angechemshwa sana, akakamuliwa ndimu, akaungwa kwa nazi, angelika. Si kweli, na watu huugua kwa kuamini hivyo.

Shika kopo ubonyeze mfuniko. Ukizama kisha ukarudi juu kwa mlio, mara nyingi ndani mna bakteria hai wanaotoa gesi. Kiwandani samaki wa kopo hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 hivi, kwa sababu mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaopoozesha mwili, hustahimili maji yanayochemka. Sufuria ya nyumbani haifiki huko. Sumu yenyewe ya botulizimu huvunjika ikichemshwa vya kutosha, nakubali. Lakini iko histamini, kemikali inayomdhuru mlaji. Hii hutokea jodari anapokaa kwenye joto bila barafu, na ikishaingia nyamani haitoki kwa moto wala kwa ndimu. Mlaji huwashwa mwili, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga. Na kopo lake laweza kuwa bapa kabisa, tarehe bado haijafika! Ndiyo maana sampuli hupelekwa maabara.

Sheria ya Kenya ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, humpa afisa uwezo wa kuchukua sampuli na kuzuia mali. Mwenye duka namwonea huruma, maana mara nyingi alinunua kwa nia njema. Atunze risiti ya duka la jumla alikonunua. Ndiyo itakayoonyesha katoni zilitoka wapi.