Uvimbe wa tezi za mate kinywani: dhana potofu na ukweli

Mbali na tezi kubwa za shavuni, chini ya taya na chini ya ulimi, kuna tezi ndogondogo za mate kati ya 600 na 1,000 zilizotapakaa midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. Hizo ndogo ndizo zinazowapa madaktari kazi ngumu.

Dhana: Kidonda chenye kina kaakaani lazima kiwe saratani.

Si lazima. Mwaka 1973 madaktari watatu wa Marekani, Abrams, Melrose na Howell, walieleza ugonjwa unaoitwa sialometaplasia ya nekrosi. Tezi hukosa damu, pengine baada ya sindano ya ganzi, meno bandia yanayobana au kutapika mara kwa mara, kisha sehemu yake hufa. Uvimbe hutokea, halafu nyama hudondoka na kuacha shimo la kutisha, ambalo kwa kawaida hupona lenyewe katika wiki 6 hadi 10.

Hata hadubini inaweza kudanganya hapa, kwa sababu seli za mirija ya mate hubadilika zikafanana na za saratani. Wapo waliokatwa kaakaa bure. Mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza kinyama kwa hadubini, huangalia kama umbo la vijitezi bado limebaki, dalili kwamba huenda si saratani, na hawezi kuliona akiletewa kinyama chembamba cha juujuu. Kichukuliwe kwa kina, na fomu inayokwenda nacho maabara ieleze kidonda kilianzaje.

Dhana: Uvimbe usiouma hauna hatari.

Imani hii inawachelewesha watu wengi mno. Saratani ya adenoidi sistiki, mojawapo ya saratani za tezi za mate, hukua taratibu, pengine kwa miaka, huku ikifuata mishipa ya fahamu. Uvimbe wa tezi ya shavuni mara nyingi si saratani, lakini katika tezi ndogo za kinywani takriban nusu ya uvimbe unaotokana na seli za tezi kuongezeka ovyo huwa ni saratani. Kwa hiyo kinundu kigumu kaakaani kichunguzwe hata kama mgonjwa anakula na kulala vizuri.

Dhana: Lengelenge la bluu mdomoni litobolewe tu.

Kwenye mdomo wa chini mara nyingi ni mate yaliyovuja baada ya mtu kujing'ata. Ukilitoboa hujaa tena, kwa kuwa tezi iliyoumia bado ipo. Likiwa kaakaani au nyuma ya gego la mwisho, usilichezee: saratani ya mukoepidamoidi, aina nyingine ya saratani ya tezi za mate, huweza kuonekana hivyohivyo, laini na ya bluu.

Dhana: Kukata kinyama husambaza saratani.

Biopsi ya kinywani, yaani kukata kinyama cha kuchunguzwa, ikifanywa ipasavyo haina hatari hiyo. Kwa tezi ya shavuni madaktari huanza na sindano nyembamba ya kuvuta seli, kwa kuwa kupasua kifuko cha uvimbe fulani huweza kuufanya urudi.

Kidonda kilichosemwa si saratani kifuatiliwe mpaka kifunge kabisa. Kisipofunga, kinyama kingine kichukuliwe.