Hisa za kampuni za stima: gawio ni nini hasa na linatoka wapi

Tangu bei za hisa za stima zianze kupanda 2024, kila mtu Nairobi anaulizia hisa za gawio, yaani zile zinazowalipa wenye hisa sehemu ya faida, na wengi wanaambiwa tu "nunua KenGen (kampuni inayozalisha stima), utalipwa kila mwaka" bila mtu kuwaeleza hiyo malipo inatoka wapi na ni nini inaweza kuisimamisha. Hizi ni pesa za watu, za sacco, za karo, kwa hivyo wacha tuende polepole.

Kampuni ya yutiliti ni ile inauza kitu huwezi kuacha kununua: stima, maji, gesi ya bomba. Mwezi ukikaza utaacha nyama, utaahirisha viatu vya mtoto, lakini tokeni utanunua hata kama ni ya shilingi 50. Pia mara nyingi haina mshindani, manake hakuna mtu atasimamisha milingoti mingine pale mtaani kwenu avute waya za pili. Sasa kwa sababu haina mshindani, serikali haiwezi kuiacha ijipangie bei. Hapa kwetu bei ya stima inapitishwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi na mafuta, kampuni inapeleka hesabu zake, gharama za kuendesha kazi, mitambo, mikopo, halafu inaruhusiwa faida fulani juu yake. Hiyo faida iliyoruhusiwa ndiyo mzizi wa gawio. Ndio maana hisa za aina hii huitwa tulivu, haziruki sana wala haziporomoki ovyo, angalau zikiendeshwa vizuri na bei ikipangwa kwa haki.

Gawio lenyewe ni sehemu ya faida ambayo kampuni inaamua kuwagawia wenye hisa. Si riba, na hapa ndipo watu wengi wanapotelea. Benki ikikuahidi riba ni deni, lazima ilipe. Gawio hakuna aliyekuahidi, bodi inakaa baada ya mwaka kufungwa (KenGen na Kenya Power hufunga Juni), inapendekeza kiasi, wenye hisa wanapitisha kwenye mkutano mkuu, na bodi ikisema mwaka huu hakuna basi hakuna, na huna pa kushtaki.

Tuangalie KenGen kwa karibu. Serikali iliuza asilimia 30 ya kampuni 2006 kwa shilingi 11.90 kila hisa, watu wakapanga foleni, wengi wakawa wenye hisa kwa mara ya kwanza maishani. Kampuni inazalisha stima, kuanzia mabwawa ya Mto Tana kama Masinga na Gitaru hadi mvuke wa Olkaria, halafu inauzia Kenya Power kwa mikataba ya miaka mingi. Kwa mwaka ulioisha Juni 2023 ililipa senti 30 kwa hisa, 2024 ikalipa senti 65, 2025 ikalipa senti 90. Kwa hiyo ya mwisho, mwenye hisa 1,000 alipata shilingi 900, ikakatwa kodi ya asilimia 5, shilingi 45, akabaki na 855. Kwa mkazi wa Kenya kodi hiyo ni ya mwisho, KRA haikudai tena juu yake.

Hizo 855 ni nyingi au kidogo? Inategemea ulinunua kwa bei gani, na nadhani hili ndilo jambo muhimu kuliko yote hapa. Chukua gawio ugawanye kwa bei uliyolipa. Aliyenunua 2006 kwa 11.90, senti 90 ni kama asilimia 7.6 kabla ya kodi. Aliyenunua mwanzoni mwa 2024 wakati hisa hiyo hiyo ilikuwa shilingi 2 na senti kadhaa na kila mtu anaidharau, anapata zaidi ya asilimia 30 ya pesa aliyoweka. Kampuni ni moja, mitambo ni ile ile, gawio ni lile lile, tofauti ni siku waliyonunua. Ni kama ploti ya kukodisha, kodi ya nyumba ikiwa ile ile, aliyenunua bei ya juu ndiye anaumia. Kwa hivyo mtu akikuambia "hii inalipa asilimia 30" muulize, kwa bei ya nani? Angalia bei ya leo.

Kisha kuna Kenya Power, ambayo watu wanaichanganya na KenGen sana. Hawa ndio wanakuletea stima hadi kwa mlango. Ukinunua tokeni, pesa yako hugawanywa: pesa ya tokeni yenyewe, VAT, gharama ya mafuta, pesa ya kubadilika kwa dola, tozo ya EPRA, pesa ya stima ya mashambani. Ile ya dola iko hapo kwa sababu mikataba mingi ya kununua stima na mikopo mingi ya sekta hii ni ya pesa za kigeni, shilingi ikilegea gharama inapanda na sehemu yake inasukumwa kwako mteja. Lakini si yote inasukumwa. Mwaka ulioisha Juni 2023 shilingi ilianguka vibaya, madeni ya dola yakavimba kwenye vitabu, Kenya Power ikapata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3. Mwaka uliofuata bei mpya za stima zilikuwa zimeshaanza kufanya kazi, shilingi ikagusa kama 160 kwa dola halafu ikarudi karibu 130, na kampuni ile ile ikatangaza faida ya bilioni 30. Ikalipa senti 70 kwa hisa, gawio la kwanza tangu 2017. Fikiria mtu aliyestaafu akiitegemea miaka hiyo yote katikati.

Na hata faida ikiwa kubwa haimaanishi utagawiwa kubwa. Mwaka wa 2025 faida ya Kenya Power ilikuwa kama bilioni 24.5, ukigawanya ni zaidi ya shilingi 12 kwa kila hisa, lakini gawio la mwaka mzima lilikuwa shilingi 1. KenGen mwaka huo huo iligawa zaidi ya nusu ya faida yake. Mimi silaumu Kenya Power kwa hilo, ina madeni mengi na laini za kukarabati, na kampuni inayogawa kila kitu huku transfoma zinalipuka inakula mtaji wake. Ninachosema ni usiangalie faida peke yake, angalia sehemu gani ya faida inafika kwako, deni ni kiasi gani, na deni hilo ni la pesa gani.

Ukuaji je? Kampuni ya aina hii inakua kwa kuongeza mitambo na wateja, kisima kipya cha mvuke kule Olkaria, laini mpya, na hiyo inachukua miaka. Pesa inatoka kwa mkopo, au kwa faida ambayo haikugawiwa, au kwa kuuza hisa zingine, kama KenGen ilivyofanya 2016 na hisa zikaongezeka sana, ambaye hakuongeza pesa sehemu yake ikapungua. Ukuaji mwingine uko mkononi mwako, ukipata gawio na kununua hisa zingine nalo badala ya kulitumia, mwaka ujao unalipwa kwa hisa nyingi kidogo, na baada ya miaka kumi tofauti inaonekana.

Swali lingine ni nani mwenye usukani. Serikali ina asilimia 70 ya KenGen na asilimia 50.1 ya Kenya Power, na serikali hiyo hiyo inataka wananchi walipe stima ya bei nafuu, hasa uchaguzi ukikaribia. Wewe mwenye hisa 500 uko kwenye gari ambalo dereva ana safari mbili.

Halafu soma mkataba wa kampuni unaisha lini. Hisa za Umeme ya Uganda ziliuzwa pia kwa soko letu la Nairobi, na watu wengi walizipenda kwa gawio lake. Lakini kazi yake ya kusambaza stima Uganda ilikuwa ya miaka 20, ilianza Machi 2005 na ikaisha Machi 2025, serikali ikachukua mitambo, na ikabaki mabishano ya fidia. Hiyo tarehe ilijulikana tangu mwanzo, haikuwa siri. Hata nje gawio si la uhakika, kuna anayelipa miaka yote na kuna anayesimama: Con Edison ya New York imeongeza gawio kila mwaka kwa zaidi ya miaka 50, PG&E ya California ikasimamisha lake Desemba 2017 kwa sababu ya madai ya moto wa misitu, na Januari 2019 ikaomba ulinzi wa kufilisika.

Ukiamua kununua, unahitaji akaunti ya CDS, ile inayohifadhi hisa zako kielektroniki, kupitia kwa broka au benki iliyo na leseni, kisha unaangalia siku ya kufunga rejista, yaani orodha ya wenye hisa watakaolipwa. Jina lako lazima liwe kwenye rejista siku hiyo, na kwa sababu ununuzi huchukua siku tatu za kazi kukamilika, ukinunua siku moja kabla umechelewa, gawio linaenda kwa aliyekuuzia. Usikimbilie kununua wiki hiyo pia, manake mara nyingi bei hushuka karibu kiasi cha gawio rejista ikishafungwa.

Na tafadhali hakikisha namba ya benki au ya simu uliyoandikisha ni ile unatumia sasa. Kuna wazee wengi walionunua KenGen 2006, wakahama, wakabadilisha sanduku la posta, na magawio yao yakakaa bila kudaiwa. Pesa kama hizo hupelekwa UFAA, mamlaka ya mali ambazo hazijadaiwa. Ukiwa na mzazi aliyenunua hisa siku hizo, angalia jina lake huko. Bado ni zake, na akiwa hayupo tena familia inaweza kudai kwa hati za mirathi.