Kichwa kiko nje, mbona anakata roho? Jinsi udongo unavyoua bila kuziba pua

Je, wajua kwamba mtu aliyefukiwa na udongo hadi mabegani, kichwa kikiwa nje kabisa na mdomo uko wazi, anaweza kufa kwa kukosa hewa huku watu wamemzunguka wakimwambia "pumua, pumua"?

Jibu linalotoka haraka, na ambalo mwandishi wa makala haya naye alilishikilia kwa muda mrefu, ni kwamba udongo huua kwa kuziba pua na mdomo. Ukiamini hivyo, uokoaji unakuwa rahisi: fukua uso, mtu apate hewa, mengine yatafuata. Kwa aliyezikwa mzima, uso kweli ndio wa kwanza. Kwa aliyefukiwa nusu, imani hiyo ni hatari, maana watu wakishauona uso wanashusha pumzi wao. Mmoja anapiga simu, mwingine anatafuta kamba, wa tatu anamletea maji ya kunywa. Mwenye kifua kilichobanwa anaendelea kuishiwa.

Imani hiyo ina ndugu zake wawili pale saiti, penye mitaro ya ujenzi. Wa kwanza anasema udongo ni laini, si zege, kwa hiyo ukikuangukia utajikung'uta. Wa pili anasema mtaro unaoishia kifuani hauui mtu. Tuanze na huyo wa "laini". Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 hadi 2, kutegemea aina yake na maji yaliyomo. Hiyo ni mifuko 30 hadi 40 ya saruji, au Toyota Vitz moja na nusu na zaidi. Ukuta wa mtaro ukimeguka kipande cha urefu wa mita 2, kimo mita 1.5 na unene wa nusu mita tu, zimeshuka takriban tani 2.5. Kitu kinachoanguka kutoka mita 2 hufika chini kwa sekunde 0.6 hivi. Aliyesikia "kimbia!" hajamaliza hata kugeuza shingo.

Na huyo wa kina kifupi? Kwenye mtaro watu hawasimami wima wakipiga soga. Fundi bomba huchuchumaa aunge bomba, saidia fundi huinama kusawazisha kitako cha msingi. Mtaro wa mita 1.2 unaomfika kifuani akiwa amesimama unampita kichwa akichuchumaa.

Sasa turudi kifuani. Mapafu hayana misuli ya kujivutia hewa yenyewe. Ni kama mvukuto wa mhunzi: hewa huingia kwa sababu mbao zake zimepanuliwa, si kwa sababu tundu liko wazi. Ufunge mvukuto kwa kamba pande zote, kisha uuweke katikati ya uwanja wenye upepo mwanana. Tundu liko wazi, hewa tele, lakini hauvuti kitu. Kwa binadamu, mbao za mvukuto ni mbavu, pamoja na kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Ili hewa iingie, lazima mbavu zinyanyuke na kiwambo kisukume tumbo mbele. Vyote viwili vinahitaji nafasi, hata kama ni ya sentimita chache.

Udongo uliomzunguka mtu hauachi nafasi. Na ubaya wake ni kwamba hauibani nafasi hiyo yote kwa mkupuo. Aliyewahi kujaza gunia la mahindi anajua: unamimina mpaka mdomoni, unalitikisa, nafaka inashuka, unaongeza tena. Ndivyo lumbesa inavyopatikana. Kila mara aliyefukiwa anapotoa pumzi, kifua husinyaa kidogo na chembe za mchanga hushuka kujaza pengo. Pumzi inayofuata inaanzia kifua kilichosinyaa, kwa hiyo ni fupi zaidi. Akipiga kelele kuomba msaada ametoa pumzi ndefu, na udongo umeifuata ndani.

Hapo msomaji makini atauliza: kwani mtu akiingia majini hadi shingoni si anapumua vizuri tu? Anapumua, ingawa ataona kifua kizito kidogo. Tofauti kati ya maji na udongo ndiyo uhondo wenyewe wa jambo hili. Maji husukuma kwa nguvu ileile, uwe unayasukuma au yanakusukuma. Udongo una sura mbili. Mhandisi wa Uskoti, William Rankine, aliziwekea hesabu mwaka 1857, akiwa na shida ya kuta za kuzuia udongo, si ya mbavu za mtu. Chukua mchanga mkavu wa kawaida, kina cha sentimita 30 chini ya uso wake. Ukiuachia usogee kukufuata, unakusukuma kwa nguvu kama ya maji ya kina cha sentimita 17. Hiyo inavumilika. Lakini ukijaribu wewe kuusukuma urudi ulikotoka, unaweza kukupinga kwa nguvu kama ya maji ya sentimita 153. Mchanga uleule, mahali palepale, tofauti ni mara 9.

Linganisha na uwezo wa kifua. Kijana mwenye afya, akijitahidi kwa nguvu zake zote, huvuta kwa nguvu inayokaribia maji ya sentimita 100, na hiyo ni kwa pumzi moja ya kujikamua, si kumi na tano kila dakika. Ndiyo sababu moja inayofanya bomba la kupumulia la waogeleaji liwe fupi, chini ya nusu mita. Mtu wa kwenye filamu anayejificha chini ya mto akipumua kwa mwanzi mrefu anafanya jambo lisilowezekana: kifua chake kikishuka mita moja, maji yameshamshinda. Udongo hauhitaji hata hiyo mita. Unaingia kwa ulaini wa kwanza na kukataa kutoka kwa ugumu wa pili.

Hesabu hizi zichukuliwe kwa kiasi. Kanuni ya Rankine ni ya ukuta ulionyooka, si ya kifua cha duara chenye shati, na upinzani wote huo haujitokezi mpaka udongo usogezwe kiasi fulani. Udongo uliotua kwa mabonge huacha mianya, na wapo waliofukiwa hadi shingoni wakatolewa wazima baada ya saa kadhaa. Aliyelala ana hali mbaya zaidi: sentimita 40 za udongo juu ya kifua ni kama kilo 95, karibu mifuko miwili ya saruji ambayo kila pumzi inabidi iinyanyue. Wengi hupenda mfano wa chatu anayekaza kila mara mawindo yanapotoa pumzi. Mfano huo tuuache, kwa kuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu boa, nyoka mkazaji wa Amerika, ulionyesha kwamba kinachowahi kukatika ni mzunguko wa damu. Gunia la mahindi ni mfano mwaminifu zaidi.

Kwa nini ukuta uliosimama tangu asubuhi uanguke saa tisa alasiri? Fikiria daladala iliyojaa, abiria wa mwisho ameegemea mlango. Mlango ukifunguliwa ghafla, hatoki kwa kupenda. Udongo ardhini uko hivyohivyo, kila kipande kimeegemezwa na jirani, na kuchimba mtaro ni kufungua mlango. Kinachouzuia usimwagike papo hapo ni unyevu kidogo unaozishika chembe, uleule unaomwezesha mtoto kujenga nyumba ya mchanga ufukweni. Jua likiukausha unyevu huo, ukuta unalegea. Mvua ikiuzidisha, unalegea pia. Kwa hiyo "umesimama siku mbili" si ushahidi wa uimara; ni muda tu ambao unyevu haujabadilika vya kutosha.

Dalili ya kutazama ni ufa juu ya ardhi, unaokwenda sambamba na mtaro. Mara nyingi hutokea umbali wa nusu hadi robo tatu ya kina cha mtaro kutoka ukingoni. Mtaro wa mita 2, basi, utafute kati ya mita 1 na 1.5, mahali ambapo kwa kawaida pameshafunikwa na lundo la udongo uliochimbwa. Lundo hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza: linaficha ufa na kuulemea ukuta. Linatakiwa likae si chini ya sentimita 60 kutoka ukingoni. Kwa nini halikai? Kwa sababu kibarua hulipwa kwa futi au kwa mita aliyochimba, na kurusha beleshi la udongo mbali zaidi ya hapo ni jasho lisilolipwa. Ukitaka kujua chanzo cha ajali nyingi za mitaro, anza na namna malipo yalivyopangwa kabla hujamlaumu aliyeshika beleshi.

Marekani kanuni inataka mtaro wa kuanzia mita 1.5 uwe na kinga, isipokuwa kwenye mwamba imara, na bado mwaka 2022 wafanyakazi 39 walikufa kwenye mitaro na mashimo. Kinga ni za namna mbili hasa. Ya kwanza ni kulaza kuta. Kwa udongo wa kichanga, kila mita 1 ya kina inadai mita 1.5 ya mlazo kila upande. Mtaro wa mita 2 utakuwa na mdomo wa zaidi ya mita 6, na hapo ndipo viwanja vya mjini vinapogoma, maana mita ya nne ni ukuta wa jirani. Ya pili ni kuegemeza: mbao za wima zinazogusa udongo, boriti za kulala zinazozishika, na mirunda inayokingama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Plaiwudi peke yake huzuia vipande vidogo tu. Mzigo hubebwa na boriti na mirunda. Hufungwa kuanzia juu kwenda chini, mfungaji akiwa nje au ndani ya sehemu iliyokwisha kukingwa, na hufunguliwa kuanzia chini kwenda juu huku mtaro ukifukiwa. Kwa shimo la choo au kisima, pete za zege zinazozama kadiri mchimbaji anavyochimba ndani yake hufanya kazi hiyohiyo, na zinabaki kuwa ukuta wa kudumu.

Gharama? Mtaro wa urefu wa mita 5 na kina cha mita 2 unadai plaiwudi 8 za kufunika pande zote mbili, pamoja na boriti na mirunda itakayotumika tena kwenye slabu. Upande wa pili wa mizani, Kenya, kwa sheria yake ya fidia ya mwaka 2007, hukokotoa ulemavu kamili wa kudumu kwa mapato ya miezi 96. Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Yote hayo ni mazuri kwa mwenye jina kwenye daftari la mwajiri. Kibarua aliyeokotwa kijiweni asubuhi na fundi aliyepewa kazi na fundi mwingine mara nyingi hana karatasi hata moja, na gharama yake hulipwa kwa mchango wa kwenye bahasha. Ghorofa likianguka, kama Huruma, Nairobi, Aprili 2016, au Kariakoo Novemba 2024, nchi nzima hujua. Mtaro huchukua mmoja, wawili, na jioni umeshafukiwa.

Janga likishatokea, kamba ni adui. Kumvuta mtu aliyebanwa hadi kiunoni au kifuani kwa kamba, sembuse kwa gari, ni kuvunja viungo vyake kabla udongo haujamwachia. Lazima achimbuliwe, na kuchimbua si kazi ndogo. Mchanga mkavu hujilaza kwenye pembe ya kama nyuzi 34, kwa hiyo ili kufikia kina cha mita 1 kuzunguka mwili, lazima uondoe faneli yenye mdomo wa mita 3 hivi: mita za ujazo 2.4, karibu tani 4, toroli 36 na zaidi. Mbao au mabati yakisimikwa kumzunguka ili mchanga usirudi, kiasi hicho hupungua sana. Mabeleshi yabaki mbali na mwili. Karibu yake ni mikono na ndoo. Kifua ndicho cha kwanza, mbele na ubavuni, kisha tumbo, ili kiwambo kipate pa kushukia. Miguu ingoje. Na wanaotazama warudi nyuma kwa umbali unaozidi kina cha mtaro, kwa sababu ukuta ulioanguka umeacha ukuta mpya, mbichi, usioegemezwa na chochote.

Akitoka baada ya saa nyingi akizungumza, kuna jambo moja la ajabu la mwisho. Lilielezwa London mwaka 1941, kwa majeruhi waliotolewa chini ya vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu: walionekana wazima, kisha figo zikafa ndani ya siku chache. Misuli iliyobanwa muda mrefu hufa na kushikilia sumu yake mahali pamoja. Uzito ukiondolewa, damu huibeba sumu hiyo hadi kwenye figo, na potasiamu, madini yaliyomo ndani yake, huweza kuusimamisha moyo. Hatari huhesabiwa zaidi kuanzia saa 4 za kubanwa, ingawa hutokea hata kabla. Kwa hiyo wahudumu wa afya wakiwahi, humtundikia dripu ya maji ya chumvi angali amebanwa, kabla miguu haijaachiwa. Naye akisema yuko sawa, anataka kutembea mwenyewe hadi kwenye gari, hubebwa amelala.