Je, Wajua Kwa Nini Mashine ya Soda Hutoa Kinywaji cha Baridi Papo Hapo?

Katika baadhi ya migahawa na kumbi za starehe jijini Mwanza, soda haitolewi kwenye chupa wala kopo. Mhudumu huweka glasi chini ya bomba, hubonyeza, na baada ya sekunde chache glasi hujaa soda ya baridi yenye gesi. Mteja anayefuata huhudumiwa vivyo hivyo, na wa kumi pia, hata ikiwa ni saa saba mchana na foleni imefika mlangoni. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ndani ya mashine hiyo hakuna soda iliyowekwa ikisubiri kunywewa. Kuna maji ya bomba yaliyochujwa, ambayo kwa Mwanza asili yake ni Ziwa Victoria na hufika yakiwa na joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Kuna shira nzito iliyofungwa katika mfuko ndani ya boksi. Na kuna mtungi wa hewa ukaa. Maji hutiwa gesi hiyo kwanza ndani ya mashine, kisha hukutana na shira pale bombani, kwa kawaida sehemu tano za maji yenye gesi kwa sehemu moja ya shira. Basi ubaridi ule hutoka wapi, na hupatikanaje kwa haraka kiasi hicho?

Jibu lake ni kwamba mashine haihifadhi soda ya baridi, bali huhifadhi barafu, na barafu hiyo huitengeneza wakati hakuna mteja. Ila ili jibu hili lieleweke vizuri, ni lazima kwanza tuone kwa nini baridi si suala la kuburudisha koo peke yake.

Gesi huyeyuka katika maji kwa kutegemea mambo mawili, yaani shinikizo na joto. William Henry, mkemia wa Uingereza, alionyesha mwaka 1803 kwamba kadiri shinikizo la gesi linavyoongezeka juu ya maji, ndivyo gesi inayoyeyuka humo inavyoongezeka. Kwa upande wa joto mambo huenda kinyume: maji yakipata joto, gesi hukimbia. Chini ya shinikizo la kawaida la hewa ukaa, lita moja ya maji yenye nyuzi 0 huweza kubeba takriban gramu 3.3 za gesi hiyo, ilhali maji yale yale yakiwa na nyuzi 25 hubeba takriban gramu 1.5 tu. Maana yake ni kwamba maji ya bomba ya Mwanza yakiingizwa gesi bila kupozwa, zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kubeba gesi huwa umeshapotea kabla kazi haijaanza. Soda inayotoka ikiwa ya uvuguvugu hujaa povu, povu hilo hutuama, na mteja hubakiwa na nusu glasi ya kinywaji kitamu kisichochangamka. Kwa hiyo mfumo wa kupoza katika mashine hii ndio unaoifanya soda iwe soda.

Tufungue sasa kifuniko cha juu. Ndani huonekana tangi la maji lililozungushiwa kizuizi joto, na kando ya kuta zake kuna koili za shaba ambamo hupita gesi ya kupozea, ile ile ambayo mafundi friji huiita gesi kwa kifupi. Gesi hiyo hukandamizwa na kompresa, hupoteza joto lake katika kondensa na kugeuka kimiminika, kisha hupenya kwenye mrija mwembamba sana na kuingia katika koili, ambako shinikizo ni dogo. Humo huchemka kwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na ili ichemke hunyonya joto kutoka kwa maji yanayoizunguka. Taratibu maji yaliyo karibu na koili huganda, na ukuta wa barafu wenye unene wa sentimita chache hujengeka kuzunguka tangi, huku katikati yakibaki maji yaliyo karibu kabisa na nyuzi 0. Katikati hapo ndipo zilipozamishwa koili nyingine, hizi za chuma kisichoshika kutu, ambazo hupitisha maji ya kunywa na shira. Maji ya tangi hayanywewi. Kazi yake ni kubeba joto kutoka kwenye koili za vinywaji na kulipeleka kwenye barafu.

Kwa nini pawe na barafu, badala ya kompresa kupoza maji moja kwa moja yanapopita? Hesabu ndogo inatosha. Kupoza glasi moja ya mililita 300 kutoka nyuzi 26 hadi nyuzi 4 kunahitaji kuondoa takriban kilojuli 28 za joto. Glasi kumi zikitolewa ndani ya dakika mbili, joto la kuondolewa ni kilojuli 280 hivi, sawa na kasi ya zaidi ya wati 2,300. Kompresa ndogo yenye uwezo wa kuondoa joto kwa kasi ya wati 500 ingehitaji zaidi ya dakika tisa kuikamilisha kazi hiyo, na foleni isingevumilia. Barafu, kwa upande wake, hunyonya kilojuli 334 kwa kila kilo inayoyeyuka, na muda wote huo joto lake hubaki nyuzi 0. Chini ya kilo moja ya barafu, basi, inatosha kupoza glasi zote kumi, na kilo kumi za barafu zina akiba ya kutosha glasi zisizopungua mia moja hata kompresa isipofanya kazi kabisa. Mashine hufanya kama mama lishe anayemenya na kukatakata vitu vyake tangu alfajiri, ili wateja wa mchana wakifika kazi iliyobaki iwe kupakua.

Hata hivyo, barafu nyingi kupita kiasi ni hasara. Barafu hupitisha joto vibaya mno ikilinganishwa na shaba, hivyo unene ukizidi kompresa hulazimika kufanya kazi ndefu kwa faida ndogo. Na ikiendelea kukua hufikia koili za vinywaji na kugandisha maji yaliyomo. Ndiyo sababu kuna kihisio chenye ncha za chuma kilichosimamishwa umbali maalumu kutoka kwenye koili. Maji na barafu hupitisha umeme kwa viwango tofauti. Barafu inapozifikia ncha hizo, mkondo wa umeme hubadilika na kompresa huzimwa.

Ndani ya tangi kuna pia kifaa ambacho, kwa maoni yangu, kinastahili heshima kuliko kinavyopewa. Ni pangaboi dogo linalozungushwa na mota na kuyakoroga maji bila kukoma. Maji yana tabia ya pekee: huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, si nyuzi 0. Yakiachwa yametulia, maji ya nyuzi 4 hushuka chini na yale ya baridi zaidi hubaki juu, na koili za vinywaji hujikuta zimezungukwa na tabaka la maji ambalo limeshachukua joto na halina pa kulipeleka. Mota hiyo ikifa, mashine inaweza kuwa na barafu tele na bado ikatoa soda ya uvuguvugu. Mwenye mgahawa hudhani gesi ya friji imekwisha na kuita fundi aijaze, kumbe kilichokufa ni kimota kidogo.

Mwanza ina jambo lake la ziada. Ziwa Victoria lipo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 13 likilinganishwa na la Dar es Salaam. Soda inapotoka bombani na kuingia katika glasi iliyo wazi, hewa inayoikandamiza ni hafifu zaidi, hivyo viputo huzaliwa kwa urahisi na hukua zaidi. Soda mbili zenye gesi sawa na joto sawa, moja ikimiminwa Kariakoo na nyingine Kirumba, hapa Mwanza, hazitoi povu sawa. Ya Kirumba hutoa zaidi. Shinikizo la hewa hatuwezi kulirekebisha, lakini joto tunaweza. Kwa hiyo nyuzi mbili au tatu za uzembe katika kupoza huonekana haraka zaidi kwenye glasi ya hapa kuliko ya pwani.

Mipira inayotoka kwenye tangi hadi bombani nayo huhitaji kufunikwa kwa sponji la kuzuia joto, na pale ambapo bomba liko mbali na tangi, maji ya baridi huzungushwa kandokando ya mipira hiyo wakati wote. Glasi ya kwanza ya asubuhi hujaa povu kwa sababu kinywaji kilicholala kwenye kipande cha mwisho cha mpira kimepata joto la chumba.

Joto lote lililoondolewa kwenye soda ni lazima litupwe nje kupitia kondensa, ile safu ya mapezi membamba yanayopulizwa na feni. Vumbi na mafuta ya jikoni huyaziba, na kwetu ufukweni huongezeka wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoibuka kwa makundi makubwa, ambao huvutwa na taa na kisha na feni. Kondensa iliyoziba hupandisha shinikizo, kompresa huchemka, barafu huchelewa kujengeka. Brashi laini kila baada ya wiki chache, ikipitishwa kufuata mwelekeo wa mapezi, huokoa kompresa nyingi.

Gesi ya kupozea yenyewe inabadilika pia. Mashine nyingi zilizopo hutumia gesi iitwayo R134a, ambayo haiharibu tabaka la ozoni lakini uwezo wake wa kuongeza joto la dunia unazidi ule wa hewa ukaa kwa zaidi ya mara elfu moja. Makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016, kama nyongeza ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ya kulinda tabaka la ozoni, yalilenga kupunguza gesi za kundi hilo, na mashine mpya zinazidi kutumia propani, yaani R290. Propani hupoza vizuri lakini inawaka. Fundi asiyefunzwa asiiguse kabisa.

Umeme ukikatika, pampu na vali za bomba husimama, hivyo soda haitoki, lakini barafu hubaki kwa saa kadhaa iwapo kifuniko hakifunguliwi ovyo. Ukirudi, ni vyema kompresa isubiri dakika 3 hadi 5 ili shinikizo la pande zote mbili lilingane kabla haijawaka. Kifaa cha kulinda friji chenye ucheleweshaji huifanya kazi hiyo chenyewe. Pangaboi lenyewe linaweza kuanza mara moja, na kama barafu ingali ipo, wateja wanaweza kuhudumiwa hata kabla kompresa haijaamka.