Gari kuzeeka hakufuti rikoli

Naandika nikiwa nimekereka, mnivumilie. Wiki hii nimeletewa Corolla ya 2004 nibadilishe pedi za breki. Kawaida yangu, kabla sijashika spana, naingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, ile idara ya serikali ya Marekani ya usalama wa barabarani. Ikatoka rikoli, yaani wito wa mtengenezaji kurudisha gari litengenezwe kasoro ya usalama, na hii ilikuwa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kukukinga ajalini. Haijafanyiwa kazi, na juu yake onyo kwamba gari lisiendeshwe kabisa. Nikamwonyesha mwenyewe. Akacheka. "Fundi, gari la miaka ishirini hili! Nani atanitengenezea bure?"

Toyota, bwana. Toyota atakutengenezea bure. Januari 2024 walitoa tangazo kwa wenye Corolla na Matrix za 2003 na 2004, na RAV4 za 2004 na 2005, magari yapatayo 50,000 hapa Marekani, wakiwaambia waache kuyaendesha mpaka eabegi zibadilishwe. Walikuwa tayari kumtuma fundi mpaka nyumbani kwako, au kulivuta gari hadi kwa dila, yaani muuzaji rasmi wa chapa hiyo. Kwa gari ambalo wewe mwenyewe unaona aibu kuliegesha mbele ya kanisa.

Hapa Houston nahudumia Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi, na wote wananiambia jambo lile lile kwa lafudhi tofauti: gari likishapita miaka kumi, au maili laki moja, au ukilinunua mkononi mwa mtu, basi rikoli haikuhusu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Maili hazihesabiwi. Kuwa mwenye gari wa tatu au wa sita hakuna uzito. Hata kadi ya salvage, ile ya gari ambalo bima ilishalihesabu kuwa hasara, ambayo inaua waranti papo hapo, haiui rikoli.

Kuangalia kwenyewe ni kazi ya dakika mbili na sitaipotezea maneno. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17. Iko pembeni chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, iko kwenye stika ya mlango, iko kwenye karatasi ya bima. Haina herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukidhani umeona O, ile ni sifuri. Iingize nhtsa.gov/recalls. Basi.

Sasa tuje kwenye kinachonikera.

Watu wanachanganya rikoli na waranti, na nimegundua kosa si lao peke yao. Waranti ni ahadi ya kibiashara: kampuni inasema gari likiharibika ndani ya muda fulani au maili fulani, tutalishughulikia. Muda ukiisha, ahadi imeisha. Rikoli ni deni la kisheria. Imethibitika kwamba gari lilitoka kiwandani na kasoro inayohatarisha maisha, au halikufikia kiwango cha usalama cha serikali. Kasoro hiyo hukuileta wewe, hivyo haijalishi umeendesha kiasi gani wala mafuta unabadilisha lini.

Katikati ya hivyo viwili kuna mnyama wa tatu, na huyo ndiye anayeharibu kila kitu: waranti iliyoongezwa muda kwa tatizo moja maalumu. Mfano, Camry za mwaka 2007 na kuendelea zenye injini ya 2AZ-FE zilikuwa zinakula oili kupita kiasi. Toyota wakaongeza waranti kwa tatizo hilo, na mwisho wake ukawa miaka 10 au maili 150,000. Nissan nao wakaongeza waranti ya giaboksi zao za CVT, zile otomatiki za mkanda zisizo na gia maalumu, kwenye magari ya 2003 mpaka 2010: miaka 10 au maili 120,000. Barua zilizotumwa zilifanana sana na barua za rikoli, zina nembo ile ile na lugha ile ile ya kiofisi. Mtu akaiweka kabatini, akaikumbuka gari lilipomshinda, akaenda kwa dila, akaambiwa amechelewa. Akatoka pale akitangaza msikitini, kanisani na kwenye kila grupu la WhatsApp kwamba "rikoli zinaisha muda". Haikuwa rikoli! Gari linalokula oili linakuumiza mfuko, halikuui. Sheria ya usalama haigusi mfuko wako.

Yupo na mnyama wa nne, zile taarifa za kiufundi ambazo kiwanda huwatumia mafundi wa dila kuwaeleza namna ya kutengeneza tatizo linalojirudia. Mtu akiziona mtandaoni anazichapisha na kuja nazo akidai matengenezo ya bure. Hizo ni maelekezo kwa fundi. Utalipa kama kawaida.

Haya, miaka. Ukomo upo, na hapa hata mafundi wenzangu wanapotoka. Sheria inamlazimisha mtengenezaji kutengeneza bure ikiwa gari lilinunuliwa na mnunuzi wake wa kwanza si zaidi ya miaka 15 kabla ya tangazo la rikoli. Someni tena, taratibu. Kabla ya tangazo. Siyo kabla ya leo, siyo kabla ya siku uliyopata nafasi ya kwenda kwa dila.

Chukua Corolla iliyouzwa ikiwa mpya mwaka 2003. Rikoli ya kwanza ya eabegi zake ilitangazwa Aprili 2013. Kutoka 2003 mpaka 2013 ni miaka kumi, gari limo ndani. Tangu siku hiyo haki yako haina tarehe ya mwisho. Ukienda leo, ni bure. Ukienda baada ya miaka mingine mitano, ni bure, kama utakuwa hai. Chukua tena Hyundai ya 2010 iliyoguswa na rikoli ya Septemba 2023: ni miaka 13, imo. Lakini gari lililouzwa 2003, likipata rikoli mpya kabisa iliyotangazwa 2024, hapo ni miaka 21 na mtengenezaji halazimiki. Wengine hutengeneza hivyo hivyo kwa hiari, maana kesi mahakamani ni ghali kuliko kipuri, lakini huwezi kuwashika shati.

Kinachohesabiwa ni tarehe ya mauzo ya kwanza, si mwaka wa modeli. Gari la modeli ya 2010 linaweza kuwa lilitoka yadi mwaka 2011. Kwa gari linalokaribia mstari, tofauti hiyo ndiyo inayoamua. Na wale wazee wa gereji wanaoapa kwamba ni miaka kumi hawaongopi, ila saa yao imesimama: ilikuwa kumi kweli mpaka sheria ilipobadilishwa Desemba 2015. Matairi yana hesabu yake, miaka mitano tu.

Ile miaka 15 ina mtego mwingine. Tovuti ya NHTSA haiahidi kukuonyesha rikoli zilizotangazwa zaidi ya miaka 15 iliyopita. Kwa hiyo gari la zamani sana likikuletea sifuri, piga simu pia kwa kampuni yenyewe uwape chesisi. Wao wana kumbukumbu ndefu zaidi.

Kwa nini nang'ang'ania magari mazee? Kwa sababu ya Takata, kampuni ya Japani iliyowatengenezea eabegi watengenezaji wengi wa magari. Eabegi hujazwa na kikopo cha chuma chenye kemikali inayowaka ghafla na kutoa gesi. Takata walitumia amonia nitrati, na vikopo vingi havikuwekewa kikausha unyevu. Joto likipanda na kushuka kwa miaka, unyevu ukiingia, kemikali inaharibika. Siku ya ajali inawaka kwa nguvu kupita kiasi, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinaruka kwenye shingo na uso wa mtu. Ajali ambayo ungetoka nayo na mchubuko inakuua. Hapa Marekani peke yake vikopo vipatavyo milioni 67 viliingia kwenye rikoli, na kampuni yenyewe ikafilisika Juni 2017.

Angalieni mantiki yake: kasoro hii inazidi kadiri gari linavyozeeka, na inazidi zaidi penye joto na unyevu. Ndiyo maana Texas ya pwani na Florida ziliwekwa mbele kwenye foleni ya vipuri. Mwaka 2016 NHTSA walisema baadhi ya Honda na Acura za 2001 mpaka 2003 zilifikia uwezekano wa asilimia 50 wa kikopo kupasuka ajali ikitokea. Ni kurusha shilingi. Halafu unaniambia gari limezeeka mno kwa rikoli, wakati uzee wake ndio hatari yenyewe.

"Lakini sikupata barua." Hukupata kwa sababu barua hutumwa kwenye anwani iliyo kwenye usajili wa gari. Wewe umehama nyumba mara mbili, na gari bado linasomeka kwa binamu yako wa Dallas. Na msidhani muuzaji wa magari yaliyotumika angewaambia: sheria ya Marekani inamzuia dila kuuza gari jipya lenye rikoli wazi, yaani ambayo haijafanyiwa kazi, ila kwa gari lililotumika hakuna sheria ya kitaifa inayomzuia. Unaangalia mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Kazi inafanywa na dila yeyote wa chapa hiyo, popote nchini, si lazima aliyeliuza gari. Mimi siwezi kukufanyia. Si uvivu, ni kwamba kiwanda hakinilipi mimi.

Mkiambiwa "kipuri hakipo", ombeni jambo hilo kwa maandishi, lenye tarehe. Sheria inasema gari likishapelekwa, siku 60 zikapita bila kutengenezwa ipasavyo, hiyo inahesabika kuwa ushahidi kwamba mtengenezaji amechelewa isivyo halali, na hapo mazungumzo yanaweza kugeuka kuwa ya kukubadilishia gari au kukurudishia pesa. Sisemi watakupa gari jipya kesho. Nasema karatasi yenye tarehe humfanya meneja akumbuke kwamba kuna stoo nyingine. Akikaza, piga kampuni yenyewe, kisha peleka malalamiko NHTSA.

Sasa nikiri yanayonisumbua, maana sitaki mdhani naimba sifa za viwanda. Rikoli iliyofanyiwa kazi si lazima iwe imemaliza tatizo. Magari mengi ya Takata yalibadilishiwa kikopo kibovu kwa kikopo kipya cha Takata kile kile, kwa kuwa vingine havikuwepo. Machi 2019 Honda waliyaita upya magari milioni 1.1 ambayo tayari yalikuwa yamebadilishiwa. Kwa hiyo mwenye gari wa zamani akikwambia "hiyo ya eabegi nilishaimaliza", mshukuru, halafu angalia mwenyewe. Na urudie kuangalia walau mara mbili kwa mwaka.

Ile ya Hyundai na Kia ya Septemba 2023, magari yapatayo milioni 3.4, inanikosesha raha zaidi. Kifaa cha ABS, kinachozuia matairi yasigande ukifunga breki ghafla, kinaweza kuvuja mafuta ya breki kwa ndani, kikapiga shoti, gari likawaka moto hata likiwa limeegeshwa. Wenye magari waliambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba. Na tiba yake? Kubadilisha fyuzi. Naelewa hesabu yake, fyuzi inapunguza umeme unaoweza kupita. Lakini uvujaji wenyewe umeachwa pale pale. Wateja wangu nawaambia wakabadilishe, kisha waendelee kuegesha nje. Dila hatakwambia hivyo. Huenda nina woga wa kizee, ila nimeona waya zilizoungua za kutosha.

Ndugu wa nyumbani mnaonitumia ujumbe kutoka Dar na Mombasa: tovuti ya NHTSA haiwahusu. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina chesisi ya tarakimu 17, lina msimbo mfupi kama NZE141 kisha namba, na mfumo wa Marekani hauitambui. Msisome kimya hicho kama "gari langu salama". Kampuni za Japani zina kurasa zao za kutafuta rikoli kwa chesisi hiyo fupi, kwa Kijapani, na simu mnazotumia zinatafsiri. Tangu Mei 2018 Japani haipitishi kwenye ukaguzi wake magari yenye zile eabegi hatari za Takata ambazo hazijabadilishwa. Ila gari la kupakiwa melini halihitaji kupita ukaguzi huo. Na joto na unyevu wa pwani yetu mnaujua. Mtafuteni wakala wa chapa hiyo mkiwa na chesisi mkononi, mkamuulize anafanya nini kwa magari yaliyoletwa yakiwa yametumika. Sheria ya Marekani haimfungi yeye, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuchukua ruhusa kazini.

Mwisho, mkiwa kwa dila. Gari likitoka watawapa karatasi ndefu ya vitu "vinavyohitaji kushughulikiwa haraka", jumla yake inazidi bei ya gari. Vingine ni kweli, vingine ni mchanga wa macho. Sahihi yenu inahitajika kwenye kazi ya rikoli tu, na kazi hiyo haina ada ya uchunguzi wala ada ya vifaa. Chukueni karatasi inayoonyesha namba ya rikoli na kwamba imekamilika.

Na kama mlishalipia matengenezo hayo hayo kabla rikoli haijatangazwa, mnaweza kuomba kurudishiwa pesa, hata kama kazi ilifanywa kwenye gereji kama yangu. Wanataka risiti yenye tarehe, chesisi na maelezo ya kazi. Wale walioninunia siku nilipokataa kuwafanyia kazi bila risiti ili bei ipungue, barua yenu kwa kiwanda mtaiambatanisha na risiti hiyo hiyo.