Je, wajua? Nukta ya katikati kwenye ramani ya mtandao huenda si ya mtu mkubwa

Ukikusanya maoni yaliyo chini ya video za tamasha la sanaa la Bagamoyo ukayaingiza kwenye Gephi, programu ya bure ya kuchora mitandao, hutoka picha ya nukta na mistari. Nukta ni akaunti. Mstari unaunga waliochangia video moja. Katikati kabisa kuna nukta moja nene, na wengi hukimbilia kusema: huyo ndiye mwenye ushawishi. Ibofye, na usishangae ukimkuta mganga anayetangaza dawa ya mapenzi na namba yake ya simu.

Amefikaje pale? Fikiria ngalawa zimejaa mbele ya soko la samaki. Kila baharia ameshika upondo, anasukuma chombo chochote kinachomsogelea, na kinachomkaribia zaidi anakisukuma kwa nguvu zaidi. Lakini baadhi ya ngalawa zimefungwa kamba, na kamba huvuta. Ziache zisukumane na kuvutana mpaka zitulie. Zilizofungana zitajikusanya, iliyofungwa kamba pande zote itabaki katikati, kwa kuwa hakuna upande unaoshinda. Nahodha wake anaweza kuwa hana samaki hata mmoja. Isiyo na kamba ingepotelea baharini, ndiyo maana ForceAtlas2, kanuni ya Gephi inayopanga nukta kwa namna hiyo, ina mvutano mdogo wa kurudisha kila kitu kati.

Kwa hiyo juu, chini, kulia na kushoto havina maana yoyote. Nukta huanza zikiwa zimetawanywa kiholela. Rudia mchoro, na kundi lililokuwa juu huenda likajikuta chini. Hata nukta mbili zinazogusana huenda hazina mstari kati yao, zimebanwa tu na majirani. Makundi yanaaminika kiasi, ila rangi ambazo programu huyapa kwa hesabu ya kuyatenganisha nazo hubadilika kidogo ukiirudia. Kundi linalovunjika kila unaporudia, usiliandikie habari.

Kuhusu mganga, kosa lilianza mapema. Video yenye wachangiaji 300, ukimuunga kila mmoja na mwenzake, inazaa mistari 44,850; picha inakuwa nywele zisizochanika. Wengine huweka kizingiti: mstari ubaki pale tu watu wawili wanapokutana chini ya video tatu au zaidi. Hapo watazamaji wa kawaida wanafutika, na mganga, aliye chini ya kila video, anabaki na watangazaji wenzake. Futa kwanza maoni yanayojirudia neno kwa neno. Kisha weka nukta za aina mbili, akaunti na video: wale 300 sasa wanatoa mistari 300 tu.

Ukusanyaji nao una mitego. YouTube kwa kawaida humpa anayekusanya data kwa programu mgao wa vipimo 10,000 kwa siku, na kila ombi hula sehemu yake. Ombi moja la maoni hula kipimo kimoja na kuleta maoni makuu yasiyozidi 100. Majibu yanayokuja nayo huenda yasiwe yote, hivyo yaombe upya kwa kila oni lenye majibu mengi. Usipofanya hivyo, ramani ya nani kamjibu nani itakosa mabishano marefu, yaani utamu wenyewe. Kwenye jedwali la mistari utakaloingiza Gephi, safu za ncha mbili za kila mstari ziitwe "Source" na "Target", na utumie utambulisho wa chaneli, ule unaoanza na UC, badala ya jina. Jina hubadilishwa, na mtu mmoja akageuka wawili.

Ukitaka kujua nani anaunganisha makundi, usipime kwa macho. Hesabu ni mara ngapi nukta inakaa kwenye njia fupi kabisa kati ya nukta nyingine, kisha ukubwa wake ufuate hesabu hiyo.

Kabla ya kuiweka ramani mtandaoni watu waibofye, badili majina ya watu binafsi yawe namba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na aliyeandika "hongereni Bagamoyo" hakuomba kuwekwa kwenye kundi la rangi yoyote.